Makaa Matatu ya Matanga

Siku ya kwanza, kahawa ya Geneviève ilikataa kunukia.

Buni zilibadilika rangi kama kawaida, kijani kikawa manjano, manjano ikawa hudhurungi. Zilipasuka, pa, pa, kisha pa-pa-pa. Moshi ulipanda kutoka kwenye kikaango ukavuka ukuta wa ua. Lakini harufu haikuwapo. Geneviève aliinama mpaka moshi ukamtoa machozi, akavuta pumzi kwa nguvu, akaona ni sawa na kuvuta hewa ya chumba kisichokaliwa na mtu. Akadhani ana mafua. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akanusa. Sabuni ilinukia sabuni.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Ngalula, mama wa Kikasai aliyekaanga mikate ya kuuza tangu alfajiri mpaka jioni, huku mwanawe mchanga, Dieumerci, akimlilia mgongoni. Alipaza sauti kutoka huko huko kwenye mafuta yake.

“Maman Olive! Leo haukaange kafe?”

“Niko nakaanga.”

“Eh! Mais miye sisikie arufu. Arufu ya kafe yako njo inaniambiaka saa tisa imefika.”

“Labda upepo,” alisema Geneviève.

Upepo haukuwapo.

Ngalula ndiye peke yake katika avenyu yao ya Bel-Air, Lubumbashi, aliyeendelea kumwita Maman Olive. Wengine, tangu mwezi wa tisa, walihamia kwenye jina la mtoto wa pili, wakawa wanasema Maman Gaëlle, tena wanalisema haraka haraka na macho chini. Olive alikuwa kifungua mimba. Alikuwa na miaka tisa. Alishikwa na homa siku ya Jumatatu akitoka shule, Alhamisi wakamzika, na mpaka leo kuna watu wanaofika pale nyumbani kumuulizia kwa sababu habari haikuwafikia, na mama yake analazimika kuisema upya.

Geneviève alitoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, miaka kumi na miwili iliyopita. Mumewe Adrien aliendesha lori la mizigo mpaka Mokambo mpakani, na tangu mazishi alikuwa akikubali kila safari anayopewa, kwa maana nyumba ilimshinda kukaa. Kahawa ilikuwa kazi ya Geneviève. Kaka yake alimtumia magunia ya buni mbichi kutoka kwao milimani, naye alizikaanga uani kwenye mbabula, lile jiko la bati la makaa, akazitwanga na kuzifunga pakiti kwa ajili ya majumba ya Golf, mtaa wa matajiri.

Alikaanga kama alivyofundishwa na bibi yake. Kwao kahawa haiangaliwi, inasikilizwa. Anayekoroga hudanganywa na moshi, rangi inampotea. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili, akae kwenye kigoda chake na kumpa mkorogaji mgongo, mgongo kwa mgongo, afumbe macho, asikilize tu. Buni zikianza kupasuka, yeye ndiye anayepiga kelele. Huko Butembo Geneviève alikuwa sikio la bibi yake. Hapa Lubumbashi, tangu umri wa miaka mitano, Olive alikuwa sikio la mama yake. Alikaa na yunifomu yake ya shule, yale makombe ya mabega yake yamemkaa mama kiunoni, na hata uwe na mawazo gani, ungemsikia:

“Maman, kafe iko nasema!”

Sasa kigoda kile kilikaa kitupu. Geneviève hakuwa na moyo wa kukitoa pale kilipo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Matanga ya Olive yalidumu siku tatu. Mbele ya geti wanaume waliota moto mchana na usiku, na mwenye kuulinda alikuwa Papa Chomba, muuza makaa wa mtaa, mtu wa Kasenga aliyewasha na kuzima moto wa kila kilio katika avenyu ile. Siku ya mwisho, kabla Chomba hajaleta maji ya kuuzima, akina mama waliokesha waliomba kahawa. Geneviève alichukua koleo, akachota makaa matatu mekundu kwenye ule moto wa nje, akayatia kwenye mbabula yake uani. Akakaanga, wakanywa, wakaaga.

Jioni hiyo alibaki akiuangalia moto. Nguo za Olive zilikuwa zimegawiwa. Godoro lilikuwa limetolewa. Akafikiri kwamba kati ya vitu vyote vilivyowashwa au kupikwa au kuimbwa kwa ajili ya mtoto wake, huu moto ndio wa mwisho, na makaa ya kule nje yamekwisha kumwagiwa maji. Akaufunika na majivu ili usife. Asubuhi akafukua, akaongeza makaa mapya, ukashika. Akafanya hivyo kila siku. Mimi simlaumu. Nani kati yetu angeumwagia maji?

Siku ile ile kahawa ilipokataa kunukia, mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ilipiga mtaa bila taarifa, mbabula ya Ngalula ikajaa maji. Ngalula alikuja na kifuniko cha sufuria kuomba moto, kama majirani wanavyoombana. Geneviève, ambaye mbabula yake ilikuwa chini ya upenu, alimchotea makaa mawili, wakacheka kidogo juu ya mikate iliyolowa, na makaa hayo yakamtoka akilini.

Siku ya tatu, akiwa anakoroga, kitu kilimwegemea mgongoni.

Kilikuja taratibu, kama anavyokuja mtoto mchovu. Makombe mawili ya mabega yalimkaa kiunoni, mahali pale pale. Yalikuwa baridi. Mwiko ulisimama mkononi mwake, nywele zikamsisimka, na kila alichofundishwa kanisani kilimwambia inuka, toka, kimbia. Hakukimbia. Alisikia sauti nyuma yake, sauti nyembamba, yenye usingizi:

“Maman, kafe iko nasema.”

Na kweli, baada ya kupumua mara moja, buni ya kwanza ikapasuka.

Geneviève alilia mpaka kahawa ikaungua. Hakugeuka. Alihofia kwamba akigeuka atakuta kigoda kitupu, na hilo ndilo aliloliogopa kuliko jini yeyote.

Tangu hapo akawa anaishi kwa ajili ya saa tisa alasiri. Alikaanga hata asipokuwa na mteja. Wateja wenyewe walipiga simu kutoka Golf, kwa adabu ya watu wanaotaka kuvunja mazoea: Madame, kafe imekuwa nini, iko kama mayi ya moto tu. Hakujali. Alikaa, akakoroga, akausubiri ule mgongo. Ulikuja kila siku, na kila siku ulikuwa mzito zaidi. Wiki ya kwanza mabega yalimfika kiunoni. Wiki ya pili yalimfika katikati ya uti wa mgongo. Wiki ya tatu, kitu cha mviringo, kigumu, kilimgusa shingoni, na ndicho kichwa. Geneviève akajiambia kwamba watoto hukua. Angetimiza kumi mwezi wa pili. Ameongeza kimo, basi, ni nani aliyesema kule hawakui?

Gaëlle, binti yake wa miaka sita, hakukanyaga tena uani. Alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, akiangalia.

Siku moja alisukuma sahani yake ya ugali.

“Maman, bukari hainukie.”

“Kula, mutoto.”

“Samaki pia hainukie. Kila kintu hainukie.” Kisha akasema kwa kunong'ona, “Maman, ule haina yaya.”

Yaya ndivyo alivyomwita Olive, dada yake mkubwa; alikuwa akisema yule si yeye. Geneviève alimsogelea. “Nani?”

“Ule wa ku kigoda. Yaya alikuwaka na uso. Ule iko na mugongo tu. Mugongo mbele, mugongo nyuma.”

“Nyamaza! Usiseme vile tena!”

Gaëlle alinyamaza. Alinyamaza siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Mikono yake ikawa baridi. Akawa analala mchana amejikunja kama mtu anayejificha. Adrien alipopiga simu kutoka Mokambo, mtoto alishika simu sikioni bila kusema neno, baba akauliza mara tatu, “Gaëlle, ni weye?”

Hapo ndipo Geneviève alipomwinua, akamkumbatia, akazamisha pua katika nywele zake. Kila mama anaijua harufu ya utosi wa mtoto wake, ile ya jasho na mafuta na jua. Alinusa utosi, akanusa shingo, akanusa viganja. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amekumbatia mtoto asiye na harufu, kama kahawa yake.

Papa Chomba alikuja asubuhi hiyo hiyo na mfuko wa makaa kwenye baiskeli. Alizoea kumtania.

“Maman Gaëlle, mufuko mbili kwa juma moja? Uko nakaanga kafe ao uko nachoma matofali?”

Hakujibiwa. Mzee aliegesha baiskeli, akachuchumaa karibu na mbabula ili awashe sigara yake, akachukua kaa moja kwa kibanio, akaliweka kwenye ncha ya sigara. Sigara haikushika. Akalitazama. Lilikuwa jekundu, lenye uhai. Akaukunjua mkono wake juu ya moto wote, akauacha pale kwa muda ambao ngozi ya mtu haivumilii, kisha akauondoa pole pole.

“Moto hii ni ya wapi?” aliuliza. Utani ulikuwa umekwisha.

Geneviève alimwambia. Alipoanza hakuweza kuacha, akamwambia makaa matatu, akamwambia majivu ya jioni, akamwambia sauti na mgongo na kichwa shingoni.

Chomba alivua kofia. “Mama, moto ya matanga inakufwaka ku mulango. Haiingiake mu nyumba. Tunaiwashaka juu bantu baone njia ya kuya kulia. Kisha tunaizima, tunafunga njia. Weye uliacha mulango wazi. Mutoto alienda yake, tulimusindikiza bote. Njo kule nyuma kintu ingine iliona moto haina na mwenyewe, ikakuya kuota. Kintu ya bila bantu, ya bila jina. Ile inakulaka arufu. Ya kafe imemaliza.” Aliangalia mlangoni, alipolala Gaëlle juu ya mkeka. “Sasa iko nakula ule.”

“Na kama ni yeye?” Geneviève alinong'ona. “Papa Chomba, na kama ni Olive wangu?”

“Sijue, mama. Miye niko muuzishi ya makala tu. Mais nikuulize: Olive angekula mudogo yake?”

Geneviève aliinamisha kichwa juu ya magoti. Alijua jibu. Olive alikuwa akimwachia Gaëlle hata ngozi ya samaki.

“Tuizime,” alisema mwishowe.

“Hapana tuizime. Mwenye alibeba moto njo anazima. Uoshe mutoto, mayi yake usiimwange. Kile kintu kikikuya, usikipatie mugongo tena. Geuka, ukiangalie, umwange mayi ile ku moto. Na usiseme jina ya mwenye alikufwa, hata mara moja.”

Saa nane na nusu wingu zito lilifunika Bel-Air. Geneviève alimwogesha Gaëlle kwenye beseni, akamfunga kitenge, akamlaza ndani. Chomba alisimama getini na koleo na ndoo ya kubebea majivu. Kikaango kilikaa kando ya mbabula kitupu, bila hata buni moja. Geneviève akakaa kwenye kigoda chake mwenyewe, beseni miguuni, akasubiri kama alivyosubiri kila siku, na aibu ilikuwa kwamba moyo wake ulidunda kwa furaha ile ile.

Kikaja. Kilikuwa kizito mno, kipana kuliko mtu mzima, na kichwa kilikuwa tayari kimepita shingo yake, kinamlalia juu ya utosi.

“Maman, kafe iko nasema.”

Kikaango kilikuwa kitupu. Geneviève aliinuka na beseni mikononi, akaizunguka mbabula, akageuka.

Aliona mgongo wa mtoto. Shati jeupe la shule, sketi ya buluu, misuko minne aliyosukwa na Ngalula Jumapili ile ya mwisho, mmoja umeanza kufumuka, kovu dogo nyuma ya sikio. Alisubiri mtoto ageuke. Hakugeuka. Sauti ikatoka mle mgongoni:

“Maman, usizime. Inje kuko baridi.”

Na Geneviève, ambaye aliwahi kumfunika mtoto huyo blanketi tatu akitetemeka kwa homa na akashindwa kumpasha joto, alisimama na yale maji yenye uchafu wa mtoto wake aliye hai, akataka kuliita jina, jina likamjaa mdomoni likampalia, akamsikia Chomba getini akisema mama, mama, mwanga mayi, akamsikia Gaëlle ndani akikohoa kikohozi kidogo kikavu, akaona misuko ile ikianza kurefuka na shati kutanuka na mgongo kupanda juu kuliko ukuta, mgongo mbele na mgongo nyuma, na bado sauti ilikuwa ile ile ya Jumatatu, Maman, baridi, Maman, akafumbua mikono, maji yakashuka yote juu ya moto.

Mbabula ililia. Mvuke ulipanda, na pamoja nao zikatoka kwa mpigo mmoja harufu zote zilizokuwa zimemezwa: kahawa ya siku arobaini, mikaango yote, samaki, bukari, na katikati yake, kwa kitambo kifupi kama mtu anayepita mlangoni, harufu ya utosi wa Olive. Geneviève aliinamia ule mvuke ukamchoma uso, akaivuta, akaivuta tena. Kisha yakabaki majivu yaliyolowa. Akaanguka kwenye tope akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya kaburi, maana siku ile wengine ndio waliofukia, na leo amefukia yeye.

Chomba alizoa majivu mpaka chembe ya mwisho. Kabla ya kuyapeleka njia panda aliuliza:

“Hakuna muntu mwenye ulimupatia ile moto?”

“Hapana,” alisema Geneviève, na aliamini anasema kweli.

Jioni Gaëlle aliomba chakula. Kesho yake mikono ilipata joto. Siku ya tatu Geneviève alifungua kiberiti kipya, akawasha makaa mapya, akakaanga, na mtoto akatoka uani kwa mara ya kwanza, akainua pua, akacheka.

“Maman, inanukia!”

Alianza kujifunza kusikiliza. Hakuweza kutulia, alikaa kwenye kigoda cha dada yake akatikisa miguu, akapiga kelele kabla ya wakati. Geneviève alimsifu hata hivyo. Adrien alirudi kutoka Mokambo akalala nyumbani siku nne mfululizo. Watu walisema Maman Gaëlle amepona.

Wiki mbili zikapita. Alasiri moja alikuwa peke yake uani, buni ndiyo kwanza zinageuka manjano, Gaëlle ndani anachora, Ngalula akaita kutoka ng'ambo ya ukuta. Sauti yake ilikuwa imechoka.

“Maman Olive! Weye uko na mafua? Miye sijue niko na nini. Mikate yangu hainukie tena.”

Mwiko ulisimama.

“Depuis lini?” aliuliza Geneviève.

“Juma ya tatu sasa. Mafuta hainukie, unga hainukie. Banunuzi banakimbia. Na Dieumerci... sijue. Halie tena. Iko pale tu, baridi baridi. Nitamupeleka ku dispensaire kesho.”

Ngalula hakuwahi kununua kiberiti maisha yake yote. Kila jioni aliufunika moto wake kwa majivu, apate wa alfajiri. Geneviève aliyaona makaa mawili juu ya kifuniko cha sufuria waziwazi, kama yanavuka ukuta sasa hivi.

Ndoo ya maji ilikuwa karibu. Akaishika, akainuka, akapiga hatua mbili kuelekea getini. Alijua la kufanya. Alijua ni neno moja tu la kumwambia Ngalula, na Ngalula angemwelewa.

Ndipo ikatoka sauti kule nyuma ya ukuta wa matofali, nyembamba, yenye usingizi:

“Maman?”

Si Ngalula aliyeitwa. Ngalula alikuwa akiimba wimbo wa kanisa huku akikanda unga, hakusikia kitu.

“Maman, kafe iko nasema.”

Geneviève aliitua ndoo chini. Alikivuta kigoda chake mpaka ukutani. Akakaa, akaegemeza mgongo kwenye matofali, akafumba macho. Leo tu, alijiambia. Kesho asubuhi, kabla hajaenda zahanati, nitamwambia. Leo tu. Matofali yakaanza kuwa baridi, kwanza kiunoni, kisha yakapanda.

Kwenye kikaango buni zilipasuka bila mkorogaji, zikawa hudhurungi, zikawa nyeusi. Harufu ya kuungua ikajaa ua mzima na kuingia ndani ya nyumba, na Gaëlle akatoka mbio mpaka mlangoni.

“Maman, kafe iko naungua!”

Aliita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Mama yake hakugeuka.